Dokta, mbona wametuambia turudi nyumbani? Maswali yenu kuhusu mafua makali na kulazwa

Toleo lililopita tuliandika kuhusu mafua ya nguruwe ya mwaka 2009, yale ya H1N1 yaliyoibukia Mexico na kusini mwa California, na tarehe 11 Juni mwaka ule Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ni janga la dunia nzima. Meseji zimekuja nyingi sana, na ukizisoma karibu zote zinauliza kitu kimoja: likija janga lingine la mafua, nani anapewa kitanda, nani anarudishwa nyumbani, na wanaamuaje? Nimechagua hizi, zingine nimezifupisha kidogo.

Shikamoo dokta. Mume wangu alishikwa na mafua makali, homa 39, mwili mzima unauma, anakohoa usiku kucha. Tukampeleka hospitali wakapima malaria hakuna, wakambana kile kidude cha kidoleni, wakamhesabia pumzi, alafu wakampa parasetamo wakasema nendeni nyumbani. Homa 39 jamani! Alipona kweli, ila mpaka leo roho inaniuma, naona walitudharau kwa sababu hatuna bima. Sasa likija janga si ndo tutafia mlangoni? Mama Duka, Mbagala

Marahaba mama, na pole kwa usiku ule, mgonjwa akiwaka moto hivyo ndani ya nyumba hakuna anayelala. Habari ya bima siwezi kuisemea maana sikuwepo, lakini hayo matatu uliyoyataja, kupima malaria, kidude cha kidoleni kinachopima oksijeni, na kuhesabu pumzi, ndo hasa mambo yanayotakiwa kufanywa kabla ya kumwambia mtu mwenye mafua arudi nyumbani. Anayekudharau hakai dakika nzima akitazama kifua cha mumeo kinavyopanda na kushuka.

Watu wengi tunaogopa homa. Kipimajoto kikisoma 39 tunaona mtu anakwisha, kikisoma 37 na nusu tunapumua, na kwenye mafua hapo ndipo tunapotazama pasipo penyewe. Mtu mzima mwenye nguvu zake anaweza kufika 39 hadi 40 siku mbili tatu na akapona vizuri kwa maji mengi, kupumzika na dawa ya kushusha homa, na mwingine homa yake ni ya kawaida tu lakini anapumua mara 34 kwa dakika na midomo inageuka rangi, huyo ndo wa kukimbizwa. Mafua yanaua hasa kwa kuharibu mapafu, kwa hiyo anayechagua wa kulazwa anatazama pumzi kwanza, mengine baadaye.

Uingereza mwaka 2009 wizara yao ya afya iliwapa madaktari karatasi fupi yenye vigezo vya kumpeleka mgonjwa wa mafua hospitali, na mimi mpaka leo naona ni kati ya karatasi bora zilizotoka kipindi kile kwa sababu hata mahali pasipo na maabara unaweza kuitumia. Inauliza: anahangaika kupumua, yaani hawezi kumaliza sentensi moja bila kukata pumzi, au misuli ya shingo na mbavu inavutika? Mtu mzima anapumua zaidi ya mara 30 kwa dakika? Oksijeni kwenye kidole ni asilimia 92 au chini? Amechoka kupumua, pumzi zinaanza kuwa ndogondogo au zinakatika? Amekauka maji au presha imeanguka? Amechanganyikiwa, anasinzia isivyo kawaida, au amepata degedege? Na ya mwisho inampa daktari ruhusa ya kumlaza hata kama hayo yote hayapo, ilimradi kuna kitu kinachomtia wasiwasi. Jibu likiwa ndiyo hata kwa moja tu, mgonjwa anaenda hospitali. Ukiona homa haijawekwa kama kigezo peke yake, hawakusahau.

Kwa hiyo mumeo, kama pumzi zilikuwa kawaida (mtu mzima aliyetulia anapumua kama mara 12 mpaka 20 kwa dakika), oksijeni nzuri, anaongea, anakunywa, basi kumrudisha nyumbani ulikuwa uamuzi wa kitabibu. Ila kuna kitu kimoja nakidai na ningependa na nyie mkidai: waliwaambia mrudi lini? Kumwambia mtu nenda nyumbani bila kumwambia ukiona hivi na hivi rudi hata kama ni saa nane ya usiku, hiyo ni kazi nusu. Wagonjwa wengi waliozidiwa mwaka 2009 walibadilika kati ya siku ya tatu na ya tano tangu dalili zianze, na wengine ndani ya saa 24 wakawa wanahitaji mashine ya kupumulia. Yaani mtu anaweza kuruhusiwa Jumatatu kwa haki kabisa na Jumatano akawa mahututi, na aliyemruhusu hakukosea kitu. Ndo maana maelekezo ya kurudi ni sehemu ya matibabu, sawa na dawa.

Dokta mambo. Mimi nilidhani mafua yanaua wazee. Sasa 2009 nasoma vijana ndo walijaa ICU, ile wodi ya mahututi, na babu zao wako nyumbani wanakunywa chai. Inakuaje? Na hizo skoa za hospitali zinasemaje? Kijana wa Chuo, Morogoro

Poa sana. Ulichosoma ni kweli. Mafua ya kila mwaka huua zaidi wazee, lakini wengi waliokufa 2009 walikuwa chini ya miaka 65, inakadiriwa asilimia 80 hivi. Sababu kubwa ni kwamba wazee wengi utotoni mwao walikutana na virusi vilivyofanana na kile, miili yao ikawa na kumbukumbu, nyinyi vijana hamkuwa nayo. Canada walipochapisha taarifa za wagonjwa mahututi 168 wa kipindi kile, wastani wa umri ulikuwa miaka 32 tu. Fikiria.

Sasa hapo ndo skoa, yaani zile alama za kupima mgonjwa amezidiwa kiasi gani, zikaingia matatani. Kuna moja maarufu inaitwa CURB-65, inatumika kwa nimonia, na inatoa alama moja kwa kila kimoja: kuchanganyikiwa, yurea (taka inayotolewa na figo) kwenye damu kuzidi 7, kupumua mara 30 au zaidi, presha kuwa chini, na umri wa miaka 65 kwenda juu. Ni skoa nzuri kwa kazi iliyotengenezewa, ila mchukue kijana wa miaka 28, oksijeni 88, anapumua mara 28, akili timamu, yurea ya kawaida, presha haijaanguka. Anapata sifuri! Kwenye karatasi anaonekana wa kurudi nyumbani wakati mapafu yote mawili yamejaa, na skoa yenyewe wala haiulizi oksijeni. Waingereza waliporudi kuchambua mafaili ya waliolazwa, ile karatasi rahisi niliyoitaja juu ikawa inabashiri vizuri kuliko CURB-65 nani ataishia kwenye uangalizi maalumu au kufariki. Mimi somo ninalolichukua hapo ni kwamba janga jipya linaweza kuchagua watu wake tofauti kabisa na tulivyozoea, kwa hiyo anayeamua wa kulazwa asiseme "huyu kijana huyu atavuka" kabla hajamhesabia pumzi. Nimeshawahi kusikia sentensi hiyo ikisemwa mapokezi na siipendi.

Habari daktari. Nina ujauzito wa miezi saba. Hospitali walisema mimi nikipata mafua nisisubiri, nije haraka hata kama sioni shida. Mama mkwe anasema ni kunitisha tu, yeye amezaa saba na mafua alikuwa anayapata kila mwaka. Nyanya Fresh, Kisumu

Hongera kwa ujauzito, na mama mkwe mpe salamu zangu kwa heshima zote, ila kwenye hili wasikilize hospitali. Mimba ikikua inasukuma mapafu juu, moyo unafanya kazi zaidi, na kinga ya mwili inabadilika. Mwaka 2009 Marekani wajawazito walikuwa kama asilimia 1 tu ya watu wote lakini kwenye vifo vya H1N1 walifika asilimia 5. Australia na New Zealand, katika wagonjwa 722 waliolazwa ICU majira yale ya baridi, 66 walikuwa wajawazito. Hiyo sio kutishana.

Haimaanishi kila mjamzito mwenye mafua alazwe. Inamaanisha mlango wako ni mpana kuliko wa wengine: unaonwa mapema, unaanzishiwa dawa ya virusi (oseltamiviri, wengi wanaijua kwa jina la Tamiflu) bila kusubiri majibu, ikiwezekana ndani ya saa 48 tangu dalili zianze, na ukiwa na shida ya kupumua hata kidogo unalazwa na mtoto tumboni anaangaliwa pia. Na homa kwako ishushwe kwa parasetamo, usiivumilie. Walio kwenye kundi kama lako la kuonwa mapema ni watoto chini ya miaka 5 na hasa chini ya miaka 2, wazee, wenye pumu, sukari, moyo, figo, selimundu, wanaoishi na VVU hasa kama kinga iko chini, na watu wanene sana. Hilo la unene lilishtua wengi 2009, kabla ya hapo halikuwa linatajwa.

Na kwa kuwa unaandika kutoka Kisumu, labda unakumbuka: mgonjwa wa kwanza wa H1N1 kuthibitishwa Kenya, mwishoni mwa Juni 2009, alikuwa mwanafunzi wa Kiingereza aliyekuja huko kwenu na wenzake. Kundi lile lilitengwa hotelini, wodi hazikujazwa vijana wenye mafua mepesi. Kumtenga mtu asiambukize wengine na kumlaza kwa sababu anaumwa sana ni maamuzi mawili tofauti, na watu huwa wanayachanganya, hata viongozi.

Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi minne. Kila akishikwa mafua nakosa amani sijui nikimbie hospitali au nisubiri. Naomba dalili za kweli, sio zile za "ukiona hali mbaya." Mama Junior, Tabata

Nakuelewa kabisa dada yangu, "ukiona hali mbaya" haimsaidii mtu. Mwanao akiwa ametulia au amelala, sio analia, sio anawaka homa bado, mfunue kifua, shika simu yako yenye saa ya sekunde, hesabu kifua kinapanda mara ngapi dakika nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mbili, watoto wanapumua kwa vipindi utakosea. Kwa umri wake ikifika 40 au zaidi hiyo ni haraka, aonwe siku hiyohiyo. Wa miezi 2 mpaka 11 ni 50, mchanga chini ya miezi 2 ni 60.

Alafu tazama hapa chini ya mbavu: akivuta pumzi, sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani badala ya kutoka nje, usisubiri asubuhi. Vivyo hivyo asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, anayekoroma kwa sauti ya ajabu akivuta pumzi, anayelegea ukimwamsha haamki vizuri, au midomo na ulimi vimekuwa vya bluu au kijivu. Na kingine ambacho kina mama wanakiona kabla yetu, mtoto ambaye hata homa ikishuka hataki kucheza, hakutazami. Shirika la Afya Duniani lililiandika hilo wazi kwenye miongozo ya 2009, na mimi mama akiniambia "dokta huyu sio yeye" namlaza niangalie.

Aspirini usimpe. Na malaria apimwe kila mara, mafua hayazuii mtu kuwa na malaria.

Kwa nini hawapimi hicho kirusi? Ndugu yangu alilazwa na dripu na oksijeni, hakuna aliyemwambia ni mafua gani. Bila jina, Dodoma

Kwa sababu katikati ya janga jibu la maabara mara nyingi linakuja baada ya uamuzi. Kulazwa kunategemea hali ya mgonjwa, na dawa ya virusi inafanya kazi vizuri ikianza mapema, ukingoja karatasi siku tatu umeshachelewa. Vipimo vina kazi yake kubwa, kujua kirusi gani kinazunguka na kama kinabadilika, lakini mwenye oksijeni 86 anahitaji oksijeni hata kama kipimo kimesema hana mafua. Tena vile vipimo vya haraka vya 2009 vilikuwa vinakosa wagonjwa wengi.

Hatari yenyewe iko upande wa pili: janga likiwepo kila homa inaitwa mafua. Uingereza Julai 2009 walianzisha huduma ya simu na intaneti, unajibu maswali unapewa namba ya kuchukulia dawa bila kuonana na daktari, ilipunguza foleni kweli, lakini madaktari wakaanza kuripoti watu walioambiwa wana mafua ya nguruwe kumbe wana ugonjwa mwingine, ikiwemo malaria kwa waliotoka safari. Sasa kama London inatokea, huku kwetu je?

Dokta mimi ni nesi kwenye zahanati huku Kigoma. Tuna vitanda sita na mtungi mmoja wa oksijeni, hospitali ya rufaa ni mbali na barabara unaijua. Siku za mlipuko wanakuja watu themanini kwa siku, wote wanakohoa, wote wanataka kulazwa, ndugu wanagombana na sisi. Tunaanzaje? Nesi wa Ziwani

Dada, (au kaka, hukusema), barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na nakujibu kwa urefu kwa sababu nyinyi ndo mnaoamua, mimi naandika tu.

Anza kabla mtu hajaingia ndani. Mtu mmoja awe nje, kwenye kivuli, na saa na kidude cha oksijeni, kazi yake ni kuzunguka kwenye foleni, asisubiri foleni imfikie. Aliyekuja wa kwanza sio anayeumwa zaidi. Akiona mtu hawezi kumaliza sentensi, ameinama mbele mikono kwenye magoti, midomo imebadilika, amechanganyikiwa, mtoto amelegea, huyo anaruka foleni na ndugu wengine waelezwe kwa sauti ya upole kwa nini. Watu wetu wakielezwa wanaelewa kuliko tunavyodhani, wanachokasirikia ni kuona mtu anapitishwa bila neno.

Kidude kile kitumie kwa akili. Kidole kiwe na joto, kisiwe na rangi ya kucha wala hina nyeusi, subiri namba itulie. Na ujue kwamba mwaka 2020 ulichapishwa utafiti Marekani ulioonyesha vipimo hivi vinaweza kusoma juu kuliko ukweli kwa watu wenye ngozi nyeusi, waliokuwa na upungufu wa oksijeni usioonekana kwenye kidole walikuwa karibu mara tatu ya weupe. Kwa hiyo wewe hapo Kigoma ukiona 93 kwa mtu anayehema, amini macho yako, usiamini 93. Na siku betri zikiisha bado una dakika moja na kifua cha mgonjwa, hesabu.

Vitanda sita hivyo, ningekuwa na wewe, ningeviweka kwa ajili ya wanaohitaji kitu ambacho nyumbani hakipo: oksijeni, dripu, antibayotiki ya sindano, au macho ya mtu usiku kucha. Ndo swali ninalojiuliza kwa kila mgonjwa, nikimlaza nitampa nini ambacho nyumbani hatapata? Kama jibu ni parasetamo na uji basi kitanda hicho ni cha mwingine, na wodini atapumua hewa moja na wagonjwa wengine aongeze ugonjwa juu ya ugonjwa. Anayepungukiwa oksijeni lakini anatulia ukimpa kidogo, huyo mtungi wako utamsaidia. Ambaye hata ukimfungulia yote hapandi, au presha inaanguka, piga simu rufaa wakati huohuo usisubiri mtungi uishe, na muwe mmekubaliana na dereva mapema.

Kati ya hao na wa kurudi nyumbani kuna kundi la katikati, ndilo gumu. Mama wa miaka 40 mwenye sukari, anapumua 24, oksijeni 94, anakunywa maji, siku ya tatu ya ugonjwa. Kwa vigezo hafiki, lakini kila kitu chake kinaelekea kubaya. Mimi huyu namweka kwenye benchi saa kadhaa, namshusha homa, nampa maji, namwanzia dawa ya virusi kama ipo, alafu nahesabu tena. Pumzi zikishuka baada ya homa kushuka anaenda nyumbani akiwa na siku ya kurudi, zikipanda analazwa. Vipimo viwili vilivyopishana saa nne vinakuambia mengi kuliko kimoja kilichopimwa kwa makini sana. Na muulize anaishi umbali gani: anayeishi karibu anaweza kurudi usiku, aliyevuka ziwa kwa mtumbwi hawezi, kwa hiyo wagonjwa wawili wenye namba zilezile mmoja utamlaza mwingine hutamlaza na utakuwa sahihi kwa wote.

Antibayotiki usigawe kwa kila anayekohoa, hazigusi kirusi. Ila mjue yule ambaye alianza kupata nafuu, akaanza hata kula, alafu homa ikarudi na makohozi yenye usaha au damu na kichomi. Huyo bakteria wameingia juu ya mafua na analazwa. Marekani 2009 walipochunguza tishu za mapafu za watu 77 waliokufa kwa H1N1, 22 walikuwa na bakteria pia. Hao wakiwahiwa wengi wanaokolewa na dawa za kawaida ambazo hata nyinyi mnazo.

Na kila unayemrudisha mwandikie kwenye kikaratasi pumzi zake na oksijeni na saa. Akirudi kesho akakutana na mwenzako wa zamu nyingine, mwenzako ataona ametoka 20 mpaka 32 na hatapoteza muda kubishana. Nyinyi mnaofanya kazi hii vijijini mnastahili zaidi ya mtungi mmoja, nalisema wazi na nitaendelea kulisema kwenye safu hii.

Ni kweli kukiwa na janga madaktari wanachagua nani aishi nani afe? Msomaji, Mombasa

Mashine zikiisha kabla ya wagonjwa, ndiyo, kuna mtu inabidi aamue nani anatangulia, na kukwepa kusema hivyo hakumsaidii yeyote. Canada walikuwa wameandaa utaratibu tangu 2006, Ontario, wa kutumia skoa inayopima viungo vya mwili vimefeli kiasi gani ili kuamua nani apate ICU. Madaktari wa Uingereza walipoijaribisha kwenye mafaili ya wagonjwa wao wachache wa H1N1, wakaona baadhi ya ambao kwa utaratibu ule wangeondolewa mashine walikuwa wamepona na kwenda kwao. Kwa hiyo mimi siamini namba moja iachiwe iamue. Naamini uamuzi wa aina hiyo ufanywe na zaidi ya mtu mmoja, vigezo viwe vimeandikwa na kutangazwa kabla ya janga, visiangalie pesa wala jina la ukoo wala ulemavu, urudiwe kuangaliwa hali ikibadilika, na anayekosa mashine asiachwe peke yake, apate oksijeni, dawa za kumtuliza, na ndugu zake waambiwe ukweli. Kazi kubwa lakini ni huku chini, mtu akiwahi oksijeni ya kawaida mapema wengi hawafiki kwenye mashine kabisa.

As-salaam alaykum dokta. Niko Muscat kikazi, mama yangu yuko Tanga peke yake, ana miaka 71 na presha. Akishikwa mafua ananiambia kwenye simu "sijambo mwanangu" hata kama anakufa. Nitajuaje? Binti wa Pangani

Wa alaykum salaam binti. Mama zetu wote wako hivyo, wanaogopa kututia gharama. Usimuulize unajisikiaje, hutapata jibu. Piga ya video, mwombe akusimulie kitu kirefu, nani alikuja jana, amepika nini, na wewe usikilize pumzi badala ya habari. Akikata katikati ya sentensi kuvuta hewa, au anajibu vitu visivyoeleweka wakati kawaida yake yuko makini, hiyo ni hospitali leo. Kwa wazee kuchanganyikiwa kunaweza kutangulia homa, au homa isiwepo kabisa. Mwambie aweke simu mezani ikitazama kifua chake na uhesabu mwenyewe dakika nzima huko uliko, inawezekana kabisa. Muulize mara ya mwisho amekojoa saa ngapi, na amekunywa nini.

Lakini kwa umri wake na kuishi peke yake, hata akiwa na mafua ya wastani mimi ningependa aonwe siku ya kwanza au ya pili, na daktari aambiwe wazi kwamba nyumbani hakuna mtu. Hilo ni sababu halali ya kumlaza au kumweka chini ya uangalizi, watu wanaona aibu kulisema na daktari asipoambiwa anadhani kuna wajukuu kumi wanamsubiri. Kama hawezi kulazwa basi awepo jirani mmoja atakayelala naye mpaka siku ya tano ipite, umtumie huyo jirani hela ya bajaji sasa hivi kabla hajaumwa na namba ya zahanati iwe ukutani. Na umwambie jirani akupigie wewe, asimuulize mama kwanza kama aende au asiende.